Phoebe Hajambo

Siku ya kwanza tu Philipo alipompakia yule mwalimu wa Kizungu pale Al Thumama, mjini Doha, aliona huu ni mtego. Mzungu gani anaingia garini, anafunga mkanda, na kabla mlinzi hajainua kizuizi cha geti anakuuliza kwa Kiswahili, "Hujambo, bwana dereva? Mama watoto hajambo?"

Tena Kiswahili kilichonyooka, cha mtu aliyekisomea.

Philipo alimtupia jicho kwenye kioo. Mama wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mvulana, mkoba wa turubai mapajani. Anatabasamu.

"Hajambo, madam," akajibu.

Na huyo mama watoto, Phoebe wake, alikuwa ameshalazwa ardhini tangu mwezi wa tatu, kule Kasigau, chini ya tuta la udongo lisilo hata na msalaba.

Msimwite mwongo. Salamu ni salamu. Kwao mtu akikuamkia unajibu kwanza njema, na mkishakaa, mkishapewa maji ya kunywa, ndiyo unasema lakini. Njema, lakini mvua imetukataa. Salama, lakini juzi tumezika. Hiyo lakini inataka kiti na inataka mtu wa kuisikiliza, na ndani ya Pajero ya kampuni, barabara ya Salwa ikiwa imefungana asubuhi, haina pa kukaa.

Halafu kulikuwa na jambo la Omondi. Omondi alikuwa dereva mwenzao, alifiwa na mama yake, akamwambia mteja. Mteja akampa pole nyingi sana, akashuka, akapiga simu ofisini: huyu mtu ana majonzi, atatuua barabarani, nileteeni mwingine. Wiki hiyohiyo Omondi akatolewa kwenye gari la kiyoyozi akapewa lori la maji taka. Tangu hapo madereva wote waliolala nyumba ya kampuni kule Al Rayyan walikubaliana bila kikao: mteja asijue msiba wako. Ukiulizwa, kila kitu ni salama.

Phoebe alianguka na presha akichuma kunde, akakata roho kabla hajafikishwa hospitali ya Voi. Philipo alipopata habari alikwenda ofisini mbio, na nguo za kazi, akasimama mbele ya mudiri, meneja wa kampuni. Ukiwa Qatar huwezi kutoka nchini mpaka mwajiri akuandikie kibali, wenyewe wanakiita kharuji, na kharuji ya madereva wote ilikuwa kwenye mkono wa mtu mmoja. Mudiri alimsikiliza, kisha akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu anayesimuliwa hadithi anayoijua mwisho wake.

Aliyetafsiri alikuwa Abdulrahman, karani Mzanzibari anayejua Kiarabu. "Anasema kila dereva wake anayetaka kukimbia hufiwa kwanza na mke. Anapewa kharuji, anapanda ndege, harudi. Baadaye huyo maiti anaonekana kwenye picha kavaa gauni la harusi ya dada yake. Anataka cheti cha kifo, kigongwe muhuri Nairobi, kigongwe na wa ubalozi hapa."

Mihuri ikagongwa, mmoja baada ya mwingine, kila mkubwa na wakati wake, kila mkubwa na chai yake ya kumaliza kwanza. Cheti kilipokamilika Phoebe alikuwa amezikwa zamani. Philipo aliona mazishi kwenye simu ya Githinji, mwenzake wa chumbani. Jeneza likashuka, likafika nusu, picha ikakatika. Hakuomba tena ruhusa. Ya nini?

Basi huyo ndiye mtu aliyekuwa kwenye usukani siku Hannah, yule mwalimu, alipouliza hali ya mama watoto.

Na Hannah hakuuliza siku moja akachoka. Kila asubuhi. Alisema alifundisha shule ya misheni Machakos akiwa msichana, na kwamba Waafrika walimfundisha kutoanza neno lolote bila salamu. Philipo akajisemea, na nani aliyemwambia dereva wake ni Mkenya? Ofisi. Na ofisi haimwambii mteja kitu bure.

"Anaitwa nani mke wako, Philipo?"

"Phoebe, madam."

"Phoebe hajambo leo?"

"Hajambo."

Jioni akishuka, "Msalimie Phoebe." Na Philipo, "Zimefika, madam." Zimefika wapi, Mungu ndiye anayejua.

Halafu akaanza habari za mfungwa.

Walikuwa wamekwama karibu na mzunguko, magari hayaendi, jua linapiga kioo. Hannah alitoa karatasi kwenye mkoba, akazipepea kama feni. "Namtafuta babu wa babu yangu," alisema. "Huyu alikuwa mfungwa. Mfungwa wa Mfalme wa Uingereza."

"Alifanya nini, madam?"

"Alivunja mashine. Mashine ya kupura ngano. Matajiri walizinunua, vibarua wakakosa kazi wakati wa baridi, watoto wakalala njaa. Basi Isaac Budden na wenzake wakachukua nyundo. Jaji akampa miaka saba ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?"

"Tasmania. Kisiwa kule chini ya Australia. Miezi minne kwenye meli, amefungwa minyororo. Mimi nilizaliwa hukohuko."

"Na mkewe?"

"Akabaki na watoto." Macho ya Hannah yakamfuata kwenye kioo. "Aliitwa Charity."

Philipo hakuyapenda yale macho. Huko kwao ukoo ukiwa na mtu wa jela unamfunika, unasema yuko Mombasa anafanya kazi bandarini. Huyu anamtangaza babu yake mwizi, sijui mvunja mashine, mbele ya dereva aliyemjua juzi. Kwa nini? Philipo akapata jibu mwenyewe: anakupa mfungwa wake ili na wewe umpe wako. Ndivyo wanavyovua siri. Wanatanguliza chambo.

Na kila alipomsikiliza, shaka ilizidi kunenepa. Kwa sababu huyo Isaac, kadiri alivyofuatiliwa, ndivyo alivyozidi kufanana na watu wa Al Rayyan.

"Aliposhuka melini," Hannah alisema siku nyingine, "alikabidhiwa kwa bwana mmoja mwenye kondoo. Alipewa chakula na pa kulala. Hakuruhusiwa kutoka shambani bila pasi ya bwana. Akitaka kwenda kwa bwana mwingine, hawezi, mpaka wakubwa waamue."

Miaka hiyo walikuwa wanakuja watu na maswali, kwa ajili ya viwanja vya mpira vinavyojengwa, wanauliza vibarua wanalalaje, nani ameshika pasipoti zao. Na ilisemwa kwamba waliojibu vizuri sana walipandishwa ndege na nguo walizovaa.

"Madam, hapa Doha ni pazuri," akasema kwa sauti. "Sisi hatuna shida yoyote."

"Sikusema hapa. Nasema Tasmania."

"Ndiyo, madam. Hata Tasmania ni pazuri."

Jioni alimsimulia Githinji, aliyekuwa amelala chali kwenye kitanda cha juu akitafuna karanga.

"Mzee, huyo ni spai," Githinji akasema. "Anakupima. Ukilia tu, amekuandika."

"Hata mimi nimeona."

"Ama amekupenda. Uko na bahati, utaoa madam, utupeleke sisi wote Tasmania tukachunge kondoo."

"Nyamaza wewe. Mimi nina mke."

Githinji akaacha kutafuna.

Mara moja tu Philipo alijisahau. Hannah alikuwa analaumu Waingereza wa zamani, jinsi walivyowatoa maskini wao makwao na kuwatupa mbali, na Philipo maneno yakamtoka. "Madam, hawakuhamisha Waingereza wenzao peke yao. Vita ile ya Mjerumani, walisema watu wa Kasigau wamemsaidia adui. Wakatukusanya kijiji kizima, wake kwa waume, wakatupeleka Malindi. Bibi yangu alibebwa mgongoni. Wengi walifia huko, waliorudi wakakuta nyumba majivu. Hakuna aliyepewa jaji wala miaka saba."

"Sikujua," Hannah alisema. Kisha akatoa kalamu akaandika kitu.

Akaandika! Philipo alijiuma ulimi mpaka Al Thumama.

Krismasi ilipofika, alimpa kifurushi cha karatasi ya dhahabu na utepe. "Cha Phoebe. Ni mtandio, wa buluu. Nimewaza mlimani kuna baridi asubuhi." Angekataa vipi? Kukataa kunataka maelezo. Alisema ahsante, akaenda akakificha chini ya godoro, na kila usiku akijigeuza karatasi ilimlilia mbavuni.

Mwezi wa pili binti yake, Millicent, alipiga simu.

"Baba, saruji iko. Msalaba fundi ameshautengeneza, mzuri, na jina limeandikwa. Ibada ya mwaka ni mwezi ujao."

"Vizuri, mwanangu."

"Si vizuri. Babu mdogo amesema msalaba wa mke haushikwi na mtu mwingine ikiwa mume yuko hai. Usipokuja utabaki ghalani. Hata miaka kumi. Na mama atabaki hivyo hivyo, ng'ombe wanapita juu yake."

"Nitakuja."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Mwaka jana walinizuia!"

"Mimi najua, baba. Huku wanasema mengine. Wanasema umeoa huko."

Philipo alikwenda ofisini siku hiyohiyo. Safari hii hakwenda mikono mitupu, alikuwa na cheti na mihuri yake yote, na likizo yake ya mkataba ilikuwa imeshapita kitambo. Abdulrahman alipokea, akasoma, akasema, "Hiki kimekamilika, yakhe. Nitakipeleka mwenyewe. Labda atataka kumuuliza mteja wako kama anakuachilia."

Kama Philipo angejua mambo yanakokwenda, angeziba mdomo wake kwa gundi asubuhi iliyofuata. Hannah aliingia garini macho mekundu, simu mkononi. Binamu yake wa Tasmania alikuwa amempata Isaac.

"Alimaliza miaka yake saba," alisema. "Akataka kuoa huko. Akawaambia wakubwa yeye ni mjane, mkewe amekufa Uingereza. Wakamwamini, wakamwozesha. Mimi ni wa ukoo wa huyo mke wa pili." Akapumua. "Lakini Charity hakufa, Philipo. Aliishi miaka ishirini zaidi kijijini kwake, anakula msaada wa kanisa, na kila padre akimuuliza, anasema mume wangu yuko safarini. Niambie, wewe ni mwanamume. Kwa nini mtu aliye mbali aseme mkewe amekufa, na yuko mzima?"

Jasho lilimtoka Philipo na kiyoyozi kinavuma. Kwa nini ananiuliza mimi? Leo, siku moja baada ya kupeleka cheti?

"Labda alitaka ruhusa," akasema.

"Ruhusa?"

"Wakubwa hawakupi ruhusa, madam, mpaka uwawekee maiti mezani."

Hannah akazima simu, akageukia dirisha.

Alasiri hiyo Abdulrahman alimwita Philipo nyuma ya ofisi, penye mitungi ya gesi. Uso umemvimba kwa hasira.

"Wewe bwana umenivua nguo. Mimi nimesimama mbele ya mudiri nikasema, huyu nampa dhamana, cheti nimekiona. Anampigia madam wako, anamweka kwenye spika tusikie sote. Anamuuliza, je, ni kweli dereva wako kafiwa na mke? Unajua kajibu nini?"

Philipo alishajua.

"Kasema, hapana, si kweli! Phoebe mzima! Leo asubuhi mumewe kaniambia hajambo, na Krismasi nimempelekea mtandio. Mudiri kacheka mpaka kakohoa. Kasema vyeti Nairobi vinauzwa kama maandazi. Hakuna kharuji. Na ukileta tena hadithi hiyo, utarudishwa kwenu moja kwa moja na hutaingia tena."

"Si ndiyo bora? Anirudishe!"

"Baada ya kesi ya cheti bandia, yakhe. Polisi kwanza. Unataka kuijua jela ya hapa?"

Philipo alirudi nyumbani haoni mbele. Akamweleza Githinji, na kila sentensi aliianza na nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilijua yule ni wa ofisi. Nilijua hizo salamu zina mwenyewe.

Githinji alikuna kidevu. "Lakini mzee, usikasirike. Si ni wewe ulimwambia?"

"Nilimwambia nini?"

"Ati hajambo."

"Hiyo ni salamu!"

"Sawa. Sasa mweleze Mzungu."

Asubuhi Philipo alitoa kile kifurushi chini ya godoro akakiweka kiti cha mbele. Alikuwa ameamua kumrudishia, basi, kisha wamfanye watakavyo. Hannah aliingia, akafunga mkanda. Hakusema hujambo. Kwa mara ya kwanza tangu aje Septemba hakumuuliza mtu yeyote hajambo. Waliondoka, wakapita magodauni, wakapita ukuta mrefu wa uwanja wa ndege.

Penye kituo cha mafuta Philipo alikata kona ghafla, akasimamisha gari pembeni, karibu na pampu ya upepo.

"Kwa nini tunasimama?" Hannah akauliza, mkono kwenye kitasa.

Alikuwa anamwogopa. Philipo aliliona hilo na likamchoma. "Chukua mtandio wako, madam." Akamsogezea kifurushi kati ya viti. Utepe ulikuwa bado na fundo lake la dukani, karatasi imechakaa pembeni kwa kulaliwa. "Sikuwa na wa kumpelekea."

Hannah alikigeuzageuza. "Hukufungua."

"Angefungua nani? Phoebe alikufa mwezi wa tatu, mwaka jana. Kabla wewe hujaja. Mimi sikumzika. Hao watu wako wa ofisini walisema ninaongopa, na jana umewaapia kwamba kweli naongopa. Umefurahi?"

"Lakini uliniambia..." Hannah alikwama. "Kila siku uliniambia hajambo."

"Uliniamkia, madam. Nikakujibu."

Mtu wa pampu aligonga dirisha kuuliza kama wanataka upepo. Hakuna aliyemjibu, akaenda zake.

"Miezi yote hii," Hannah alisema, na kiganja kimefunika mdomo. "Mimi nimekaa hapa nyuma nakuuliza habari za maiti."

"Ningekwambia ungesema nina majonzi, wanipe lori la maji taka."

"Nani alikwambia hivyo?"

"Omondi."

Hannah hakumjua Omondi. Alianza kulia, kilio cha pua na cha kukasirika. "Nisikilize. Waliponipigia, nilikuwa nimetoka kusoma habari za Isaac. Nikasikia mwanamume mwingine kamuua mkewe kwa maneno. Na wewe asubuhi ulikuwa umeniambia wakubwa wanataka maiti mezani. Nikasema huyu naye! Nilidhani namtetea Phoebe. Charity hakuwa na mtu wa kumtetea, nikasema angalau huyu."

Philipo alimtazama kwenye kioo. Je, aliamini? Nusu. Mtu aliyeumwa na wakubwa muda mrefu haponi kwa machozi ya mtu mmoja. Lakini nusu ilitosha kuwasha gari.

"Tugeuze," Hannah alisema. "Ofisini."

"Utachelewa shule."

"Nitachelewa."

Ofisi ilikuwa Al Rayyan, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Mudiri alimkaribisha mwalimu kwa heshima zote, akaagiza chai ya maziwa na iliki, akamwonyesha kiti cha ngozi. Philipo alisimama mlangoni, Abdulrahman kando ya meza. Hannah alieleza kwa Kiingereza, haraka, mikono ikienda. Mudiri alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa upole.

"Madam," akasema, "jana mzima, leo maiti. Na kesho atafufuka?"

"Kosa lilikuwa langu. Sikuelewa."

"Nyinyi wa shule mna moyo laini. Huyu akienda harudi. Mimi nawajua, wewe umewajua jana." Akaweka kikombe chini. "Lakini sitaki kukuvunjia heshima. Nitampa kharuji kwa neno lako. Asiporudi, nitamwambia mkuu wa shule yako kwamba mwalimu wake ndiye aliyemtorosha, na hapo mtajuana. Muulize hapahapa, mbele yangu. Atarudi?"

Hannah akageuka kwenye kiti. Chai hakuigusa. Alimuuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Philipo. Utarudi?"

Neno lilikuwa limeshakaa ulimini. Nitarudi. Ni jepesi, linatoka lenyewe kama hajambo, na wote pale ndani walikuwa wanalingoja. Philipo alilishika lisitoke. Huyu mama ameshaumia na uongo wa mtu mmoja kabla hata hajazaliwa, na mimi nimemwongezea wangu kila asubuhi.

"Sijui, madam," akasema. "Nikishamsimamishia msalaba ndiyo nitajua. Sasa hivi nikikwambia ndiyo, nitakuwa nakuamkia tu."

Uso wa Hannah ulitulia kama wa mtu aliyepigwa.

"Anasema nini?" Mudiri alimuuliza Abdulrahman.

Philipo alifumba macho. Huyu karani, aliyemvumilia Philipo kidogo na kumtukana zaidi, alikuwa mtu wa mudiri, anakula kwa mudiri, analala kwa mudiri. Neno lake moja lingemaliza kila kitu.

"Anasema atarudi, inshallah," Abdulrahman akajibu.

"Inshallah ya madereva!" Mudiri akacheka. Kisha akamtazama Hannah, hacheki tena. "Madam, wewe unakijua hicho Kiswahili chao. Ndivyo alivyosema?"

Hannah alimtazama Philipo, muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama bila kioo kati yao. Philipo alijua anachokiona pale: mwanamume mmoja na nyundo, anashuka kwenye meli, harudi. Akajua pia kwamba huyu mama, akisema hapana, atakuwa amesema kweli, na hakuna wa kumlaumu.

"Ndivyo," Hannah alisema. "Ndivyo alivyosema."

Chini, kwenye ngazi, Philipo alimkuta Abdulrahman anawasha sigara. Alitaka kumshukuru. "Usinishukuru," Abdulrahman akasema. "Na ukifika huko usinipigie simu kuniambia umebaki. Mimi sitaki kujua. Nitakaposulubiwa hapa, niwe sijui kitu."

Githinji ndiye aliyepewa Pajero, na ndiye aliyewapeleka uwanja wa ndege, kwa sababu Hannah alisema lazima afike. Njia nzima Githinji hakuacha kubwabwaja. Alimwambia madam kwamba yeye hana mke wala mchumba, akiamkiwa atajibu ukweli mtupu. Hannah alicheka kidogo. Walipofika mlango wa wasafiri alimpa Philipo kile kifurushi, karatasi yake imebadilishwa, utepe uleule.

"Msalimie..." akaanza, kama alivyozoea, na akaacha hapo.

"Zitafika, madam," Philipo akamwambia. "Safari hii zitafika."

Kwenye kibanda cha uhamiaji kijana mwenye kanzu nyeupe alichukua pasipoti, akapiga vidole kwenye kompyuta, akatazama kioo chake, akatazama tena. Philipo alisimama kifurushi kifuani, sikio liko nyuma, anasubiri kuitwa jina. Alikuwa na hakika wataita. Mudiri amebadili nia; Hannah amebadili nia, nani angemlaumu; Abdulrahman ameongea. Kijana alimuuliza kwa Kiingereza anakwenda kufanya nini.

Likizo, ndivyo wote walivyofundishana kujibu.

"Kumzika mke wangu," Philipo akasema.

Kijana aliinua macho. Alisema maneno ya Kiarabu, mafupi, yale wanayosema wao kwa wafiwa, akagonga muhuri, akamrudishia pasipoti. Philipo aliondoka bila kuharakisha, maana anayekimbia hukamatwa. Hata ndani ya ndege, mkanda umefungwa, alimkazia macho kila mwenye sare aliyepita ujiani, mpaka mlango ukafungwa na taa za Doha zikaanza kuinama dirishani. Ndipo alipochana karatasi, akautoa ule mtandio wa buluu, akaukunja vizuri juu ya magoti. Kule Kasigau msalaba ulikuwa umelazwa ghalani juu ya mifuko ya saruji, na Millicent, alivyomwambia kwenye simu, alikuwa ameshautandikia gunia usipate vumbi.